Aliyeichoma Pikipiki ya Mwalimu

Voi, Jumamosi alasiri

Wakesho mwanangu,

Wewe hukuichoma pikipiki ya Mwalimu Mwakio. Nimeanza na hilo kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitaingia kwa habari ya jua la leo, nikitoka hapo nitaingia kwa spea zinavyoadimika, na karatasi itaisha kabla sijasema. Basi neno limeshaandikwa, tena kwa wino. Hukuichoma wewe. Niliichoma mimi, kisha nikakuachia wewe jina, na kwa miaka tisa nimekutazama ukilibeba. Kesho unapanda treni. Sitaki upande nalo.

Sasa keti. Najua ukipewa karatasi huwa unaisoma umesimama mlangoni, mguu mmoja nje. Hii ni ndefu, tafuta pa kukaa.

Mimi niko gereji, nimekalia kreti la soda, na karatasi nimeilaza juu ya kiti cha pikipiki ile ile. Wewe na mama yako mmeenda kanisani kuwaaga wanakwaya. Nyanya yako, tangu aje kutoka Makwasinyi kukuaga, amejilaza ndani, au anajifanya amelala, huwezi kujua na yule. Mambo ya kufunga mlango wa chumba na kula kwa wakati na kutomwamini kila anayekuita dada, hayo sitayagusa. Mama yako ameyajaza kwa daftari zima na amekuwa akiyarudia kwa mdomo tangu Jumatatu, hata mimi nimeyashika. Nitaandika yale ninayoyajua peke yangu, na ambayo mama yako hayajui bado.

Unaikumbuka ilivyokuwa kabla ya moto. Mjapani wa miaka ya sabini, tanki jekundu, sauti nzito ya kutulia. Mwalimu aliinunua kwa padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na akaizungusha mlima wa Kasigau mpaka watu wa Makwasinyi wakawa wanamjua kwa mlio kabla hajatokea. Hizi za bodaboda za leo zina kisanduku kilichozibwa, kikifa unakitupa unafunga kingine, huhitaji kujua kuna nini ndani. Ile ilikuwa ya platinamu, vile vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana, na kila vikiachana plagi inatoa moto. Ilitaka mtu wa kuielewa. Mafundi wengi hapa mjini walikuwa wakiikwepa. Mimi nilikuwa siikwepi, na nilikuwa napenda ijulikane kwamba siikwepi.

Ulikuwa na miaka kumi na moja. Ukitoka shule ulikuwa unakuja moja kwa moja na sare yako, unaning'iniza begi kwa ule msumari ambao bado uko hapa, unachukua testa, kile kitaa cha kupimia umeme. Nilikufundisha mpangilio, nawe ulikuwa unauimba kama wimbo wa darasani: betri, fyuzi, swichi, koili, platinamu, plagi. Fuata moto kutoka unakoanzia. Usianzie kwa plagi eti kwa sababu ndiyo iko karibu na mkono. Mafundi wa ng'ambo ya barabara walikuwa wanakuja kukutazama, msichana mdogo amelala chini ya pikipiki na kitaa chake, wanacheka. Mimi nilikuwa nacheka nao, lakini ndani nilikuwa najivuna vibaya sana. Ulikuwa na subira ambayo mimi sikupewa. Mimi nikiangalia kitu mara mbili nisikione, naanza kukasirika na kile kitu.

Wiki ile pikipiki ilikuwa inakata fyuzi. Mwalimu anaondoka hapa vizuri, anafika kama penye matenki ya maji, inazima. Anarudi akiisukuma juani na kofia yake. Naweka fyuzi nyingine, anaondoka, anarudi. Siku ya tatu aliketi pale kwa benchi tangu asubuhi. Hakunilaumu hata neno moja, alikuwa anasoma gazeti la juzi. Lakini fundi mmoja wa ng'ambo, jina halina haja, alipita akamwambia, huku nasikia, "Mwalimu, si uache tu, huyu ameshindwa." Mwalimu akatabasamu akafunua ukurasa. Mimi moyo ukawaka.

Wewe ulikuwa chini ya tanki. Ukasema, "Baba, hapa waya umechubuka."

Nakumbuka mpaka sauti. Pale shingoni, ambapo fungu zima la nyaya linapita kutoka mbele kwenda nyuma, kila usukani ukigeuzwa kulia nyaya zilikuwa zinasuguana na chuma. Mmoja ulikuwa umelika ngozi na shaba inaonekana. Ndiyo ilikuwa shida, yote. Siku tatu nilikuwa natafuta nisione, wewe uliiona kwa dakika ishirini.

Nikakwambia, "Funga tepu."

Ukasema, "Lakini baba, ukigeuza usukani bado itagusa. Si tuzihamishe zipite upande huu?"

Nikakwambia, "Nimesema funga tepu." Nilisema kwa ile sauti. Unaijua.

Ukafunga. Ulifunga vizuri, Wakesho. Nataka ulisome hilo mara mbili. Ulizungusha tepu ile kwa ustadi, hakuna fundi mzima ambaye angefunga vizuri zaidi. Ila tepu si kazi ya mahali panaposuguliwa, na wewe ulilijua hilo, na ulinieleza. Halafu nikakutuma nyumbani ukale.

Kilichofuata hukukiona. Hakuna aliyekiona.

Fyuzi zilikuwa zimeisha. Dukani palikuwa ni kuvuka barabara tu, lakini kuvuka maana yake ni kupita mbele ya yule fundi, naye angehesabu, ya nne hiyo. Pale chini palikuwa na pakiti ya sigara iliyotupwa. Nikachukua ile foili ya ndani inayong'aa, nikaikunja mara tatu, nikaizungushia fyuzi iliyokufa, nikairudisha mahali pake. Taa zikawaka. Nikapiga kiki, ikaitika mara ya kwanza. Usidhani nilivumbua kitu. Kila fundi wa Voi amewahi kufanya hivyo, na mimi nilikuwa nimeshafanya mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, kumfikisha mtu nyumbani. Ila huwa unamwambia mtu. Unamwambia, nimekuwekea foili, nenda polepole, kesho nunua fyuzi. Mwalimu sikumwambia. Nilimwambia, "Imepona." Nilisema kwa nguvu, ili sauti ivuke barabara.

Wewe unajua kazi ya fyuzi, lakini acha niiandike, kwa sababu nilikuwa naijua siku ile na nikajifanya siijui. Ni uzi mwembamba uliowekwa makusudi ufe wa kwanza. Waya ukigusa mahali si pake, ule uzi unakatika, pikipiki inazima, mtu anakasirika, basi. Ile fyuzi iliyokuwa inakata kila siku haikuwa inatusumbua. Ilikuwa inamlinda Mwalimu. Foili haikatiki.

Alipita Maungu salama, akakata kuingia barabara ya Kasigau. Mbele ya Rukanga kuna mahali pa mchanga, akageuza usukani kuukwepa. Tepu ilikuwa imeshalika. Waya ukagusa chuma, foili ikashikilia, na nyaya zote zikawa nyekundu ndani ya ngozi zao chini ya tanki. Mpira wa petroli ukashika moto. Watu waliokuwa shambani walikuja na mchanga mikononi, wakamtoa. Mguu wa kulia, kutoka goti kushuka. Hayo mengine unayajua, wiki zile zote hospitali, na jinsi alivyotembea tangu hapo.

Kesho yake nilienda na pikapu kuichukua niirudishe kwake Mwalimu. Nduguye Mwalimu alikuwa amesimama pale na wanaume wengine watano sita. Nikainama, nikafungua kifuniko cha pembeni. Foili ilikuwa bado pale. Imekuwa nyeusi, lakini nzima. Nikaitoa na fyuzi yake, nikaiweka mfukoni, mgongo wangu umewapa wao. Kilikuwa kitendo kidogo, kama kuokota kitufe. Nduguye akaniuliza, kwa upole kabisa, "Ni nini, fundi?"

Nikaenda mbele pale shingoni, nikawaonyesha tepu iliyoungua. Nikasema, "Hapa palifungwa na mtoto."

Sikupanga. Naapa sikupanga. Lakini niliona nyuso zao zikilegea, Wakesho. Walikuwa tayari kumshika fundi, hawakuwa tayari kumshika mtoto. Mmoja akasema, "Ah, mtoto." Yakaisha hapo. Mimi nikapumua, na yale maneno sikuyarudisha tena.

Siku ya tatu nilikupeleka hospitali kumwona. Ungeweza kubaki nyumbani, lakini Mwalimu mwenyewe aliuliza, yuko wapi msaidizi wako. Nduguye alikuwa kando ya kitanda akakuambia, si kwa ubaya, "Kumbe wewe ndiye uliyefunga ile tepu." Ukanitazama. Ulinitazama mimi, hukumtazama yeye. Ulikuwa unangoja niseme. Nikasema, "Alikuwa anajifunza." Mwalimu akasema haidhuru, mwanangu, hata mimi nimewakosea wanafunzi wengi, akanyoosha mkono ushikwe. Na wewe ukaweka mikono yako nyuma ya mgongo. Yote miwili, kama mtu anayeficha kitu. Nimeliona hilo kila siku ya maisha yangu tangu siku ile, hata nikiwa nakula.

Hukuja tena gereji. Begi ukawa unaliweka nyumbani. Nilimwambia mama yako kwamba umekua, wasichana wakikua huwa hivyo. Globu ikiungua nyumbani ulikuwa unangoja mtu mwingine aibadilishe.

Na kila Desemba, tukienda Makwasinyi kwa nyanya yako, wewe ulikuwa unaamka unaenda kwa Mwalimu. Unachota maji, unamsomea gazeti macho yalipoanza kuchoka, unamsukumia kiti kivulini. Watu walikuwa wanakusifu kwangu. "Umelea, fundi." Nami nikawa naitikia, asante. Mwaka jana tulipomzika ulilia kuliko watoto wake wa kuzaa, mpaka mkewe akakushika wewe badala ya wewe kumshika yeye. Nilisimama hatua nne kutoka kwako na kofia mkononi. Nafasi ya kumwambia yeye ilikuwa imeshafungwa kwa udongo. Amekufa akijua ni wewe, na akiwa amekusamehe. Hilo siwezi kulitengeneza. Nimeligeuza huku na huku mwaka mzima, halina pa kushika.

Kuna jambo jingine ambalo ni gumu zaidi kuliko hayo, nami nitaliandika haraka kabla mkono haujakataa. Nilikuwa na hasira na wewe. Si siku ile, miaka yote hii. Unakumbuka nilivyokuwa nikikufokea kwa vitu vya upuuzi, mlango haukufungwa, kikombe kimeachwa juani, umechelewa dakika tano. Kaka yako alikuwa anachelewa masaa na simwambii kitu. Uliwahi kumuuliza mama yako, "Baba nimemkosea nini?" nami nilikuwa upande wa pili wa ukuta. Hukunikosea chochote. Mimi ndiye niliyekukosea, na kila nikikuona nilikuwa namwona mtu anayenidai ukweli bila kujua kwamba ananidai. Sikuwa najua kabla kwamba mtu anaweza kumchukia kidogo yule aliyemuumiza mwenyewe. Sasa najua. Siku moja ukijikuta unamkasirikia mtu na huoni sababu, tafuta kwanza ulimfanya nini.

Zile barua mbili za chuo zilipokuja nilikuwepo. Moja ya umeme, moja ya mapishi na hoteli. Mwalimu wako wa fizikia alipiga simu mara mbili kuhusu ile ya kwanza. Ukasema hapana, unataka kazi isiyo na waya. Ulisema ukicheka. Mama yako akacheka. Mimi nikatoka nje nikaenda kupanga spana zilizokuwa zimeshapangwa. Sikuandikii ili ubadilishe. Hoteli ni kazi nzuri na chapati zako zinajulikana mtaa mzima. Kama unaipenda, nenda nayo mpaka mwisho. Nataka tu uwe umeichagua wewe, isiwe imechaguliwa na foili ya sigara.

Basi tufike wiki hii. Baada ya mazishi, mkewe Mwalimu, Mama Saru, aliniambia niichukue ile mifupa ya pikipiki, wanataka ile nafasi kwa mbuzi. Hukuniuliza nilipoileta hapa, na sikukueleza. Nimeifanyia kazi mwaka mzima, baada ya kazi za wateja. Nyaya zote mpya, hata inchi moja ya zamani haimo. Shingoni nimezipitisha upande ule uliousema. Fremu nimeipiga rangi mwenyewe, tabaka tatu. Nilitaka iwake kabla hujaondoka. Nilijidanganya kwamba ikiwaka utaisikia na utaelewa, na mimi sitahitaji kusema kitu.

Haikuwaka. Tangu Jumatatu nimepiga kiki mpaka goti limelia. Nikaenda kwa mpangilio. Betri nzima. Fyuzi nzima, fyuzi ya kweli, ya dukani. Swichi inapitisha. Koili nikabadilisha na nyingine. Platinamu nikazipiga msasa, nikapima mwanya. Plagi naishika kwenye injini, inatoa cheche nyekundu ya kuaibisha, mara ipo mara haipo. Nikaanza kuikasirikia.

Jumatano ulipita hapa na beseni la nguo za kuanika. Ukasimama. Ulitazama ile taa ya mbele kwa muda, kisha ukasema, "Baba, mbona taa imefifia hivyo? Ulikwangua rangi pale ethi inapofungwa?" Halafu ukashtuka, kana kwamba mdomo umekutoroka, ukaenda na beseni lako.

Miaka tisa, na neno lako la kwanza kuhusu waya ni hilo la ethi, ule unaofungwa kwa chuma cha fremu ili moto urudi betri. Na unajua nilifanya nini? Sikuangalia. Siku mbili nzima sikuangalia. Nikajiambia betri, nikajiambia koili hii nayo ni mbovu. Ndivyo kichwa cha baba yako kilivyo, bado ni kile kile cha siku ya tepu. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yote, kwamba nimezeeka na sijatoka pale.

Jioni ya Alhamisi nyanya yako akauliza mezani, unakumbuka. Wewe umekulia mjini, kutasa umeiona mara chache, pengine unaiona kama mambo ya bibi. Mtoto akitoka nyumbani, mkubwa wake anachukua maji ya kikombe mdomoni, zamani ilikuwa pombe ya miwa, anayapuliza, na kila akipuliza anasema: kama niliwahi kukukasirikia, hasira hiyo itoke na maji haya, nenda salama. Nyanya yako anavaa kitambaa chake cha akina mama wa kanisa na haoni ugomvi wowote kati ya kitambaa na kile kikombe. Sharti ni moja tu. Anayepuliza asiwe amebakisha kitu moyoni. Akibakisha, anampulizia mtoto kile alichobakisha.

Akauliza, "Kuna mtu ana neno na huyu mtoto?" Mama yako akasema hana. Wewe ukasema labda paka, tukacheka. Nyanya akanigeukia. "Na wewe?" Nikasema, "Sina, mama." Akanitazama, kijiko kimesimama. "Jumapili nitakuuliza tena," akasema, akaendelea kula. Ninyi mlidhani ni uzee. Si uzee. Amenizaa.

Kwa hivyo haya ndiyo nitakayofanya. Barua hii nitaiweka ndani ya begi lako la mkononi jioni, uione kabla hujalala. Kesho asubuhi nyanya yako akiuliza, nitajibu. Nitasema mbele yake, na mbele ya mama yako na kaka yako, haya yote, kwa mdomo, kabla sijagusa kikombe. Mama yako ataumia, na nitakaa hapo aumie nikimwona. Jumanne nitaenda Makwasinyi kwa Mama Saru na kwa nduguye Mwalimu, nitawaambia nani aliweka nini mahali gani. Nitaenda na hii pikipiki. Wakiniambia niiache hapo nirudi kwa miguu, nitarudi kwa miguu.

Baada ya kusema, wewe ndiye utakayeamua kama maji yapulizwe. Usiposimama mbele yangu, nyanya atafanya yeye, na hakuna atakayekulaumu, mimi wa kwanza. Sikuombi unisamehe kabla ya treni. Msamaha wa haraka haraka mbele ya watu ni tepu, na tepu nimeshaiona inachofanya. Kaa na jambo hili muda wako. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie wazi, nipigie simu unifokee, nitashika. Nikupe nini tena? Nakupenda, na nilikuogopa, na vyote viwili vilikuwa kweli kwa pamoja, kila siku.

Ndani ya bahasha utakuta kitu kimefungwa kwa kitambaa. Ni ile fyuzi na foili yake. Nimeificha kwa kopo la misumari miaka yote hii, sijui kwa nini sikuitupa. Naona nilikuwa nangoja mtu aikute. Ni yako. Itupe dirishani ukipita Mtito, au ihifadhi, au umwonyeshe yeyote atakayekuambia kwamba mikono yako huharibu vitu.

Nasikia lango. Ni sauti ya mama yako, anabishana na wewe juu ya blanketi. Kwa hivyo nimalizie.

Leo mlipotoka nilichukua kisu, nikafungua ile boliti ya ethi. Chini yake palikuwa na rangi yangu nzuri, tabaka tatu, inang'aa, inauzuia moto kupita. Nikaikwangua mpaka chuma kitupu, nikafunga tena. Kiki ya pili ikawaka. Nyanya yako akatoka mlangoni na leso yake, akasikiliza, akarudi ndani. Niliiacha ilie kwa muda, nikaizima, ndipo nikaketi kuandika.

Ulisema waya umechubuka. Ulisema ethi. Mara zote mbili ulikuwa sawa, Wakesho, na mara zote mbili nilikusikia.

Baba yako.